Wikendi ya kuwinda kulungu Wisconsin mwishoni mwa Novemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Oktoba ikielekea ukingoni, maswali haya huanza upya: kwenye makundi ya WhatsApp, baada ya misa, nje ya msikiti, na kwenye chumba cha mapumziko kazini ambako wenzako wameshaomba likizo na mmoja wao amekukaribisha kambini. Majibu yanahusu jimbo la Wisconsin, Marekani, na msimu wa bunduki tu. Walioko Minnesota na Iowa watapata humu mengi ya baridi, usalama na nyama, ila sheria zao ni nyingine. Hata kwa Wisconsin, sheria ndogondogo hubadilika kila mwaka. Neno la mwisho limo kwenye kijitabu cha mwaka husika cha Idara ya Maliasili ya jimbo, ambayo kila mtu huiita DNR.

## Mambo ya mwanzo

Msimu wenyewe ni lini?

Msimu mkuu wa bunduki ni wa siku tisa. Hufunguliwa Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, na kufungwa Jumapili baada ya sikukuu hiyo, kwa hiyo siku ya kwanza huangukia kati ya tarehe 17 na 23 Novemba. Leseni za bunduki zinazouzwa kwa mwaka huzidi nusu milioni, na wengi wa waliozinunua huwa porini asubuhi ile ya kwanza. Kama una wikendi moja tu ya kutumia, chukua hiyo. Kulungu bado hawajashtuka, na msitu una watu wa kutosha kuwafanya watembee.

Hawa kulungu ni sawa na swala wa kwetu?

Ni jamii nyingine. Swala, paa na pongo wana pembe za kudumu. Kulungu wa mkia mweupe, *Odocoileus virginianus*, huota pembe mpya kila mwaka, na pembe hizo hudondoka zenyewe kati ya Desemba na Machi hivi. Majike kwa kawaida hawana kabisa. Dume mzima huwa na kilo 70 hadi 90, jike 50 hadi 65.

Mambo matatu ya kukumbuka kuhusu tabia yake. Kwanza, pua. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, umeshamkosa, hata ungekaa kama jiwe. Pili, hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Tatu, macho yake hayaitofautishi vizuri rangi ya chungwa na majani, lakini buluu anaiona sana, na mkono unaopungapunga anauona zaidi ya vyote. Ndiyo maana koti la chungwa halimtishi, ila suruali ya jinzi inaweza.

Kwa nini watu husema Novemba mwishoni ni vigumu kuliko mwanzoni?

Kilele cha majike kupandwa ni nusu ya kwanza ya Novemba. Wakati huo dume hukimbia hovyo mchana kweupe akifuata harufu. Bunduki zinapofunguliwa joto hilo linapoa, dume amechoka, ana njaa, na akili zimemrudia. Kwa hiyo tafuta chakula: mialoni iliyoangusha njugu zake, ukingo wa shamba la mahindi lililovunwa, na njia nyembamba inayounganisha chakula na kichaka cha kulala.

## Hati, leseni na bunduki

Mimi si raia. Naruhusiwa kushika bunduki?

Hili liulize kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu kosa la bunduki linaweza kukufukuzisha nchini. Sheria ya shirikisho haimkatazi mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, wala mkimbizi aliyepokelewa rasmi, wala aliyekwisha kupewa hifadhi. Mwenye viza ya muda, mathalani mwanafunzi au mtalii, amekatazwa, lakini kuna msamaha: akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani, katazo hilo humwondokea. Aliyeko bila kibali amekatazwa kabisa, na kumshikia rafiki bunduki kwa dakika moja nako ni kushika bunduki.

Kama ombi lako la hifadhi halijajibiwa, au karatasi zako ziko njiani, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, usimwulize shemeji. Na kwa kila mtu, raia au la: aliyewahi kutiwa hatiani kwa jinai kubwa au kwa kumpiga mwenzi wake, bunduki si yake tena.

Upinde na mshale, kwa sheria hiyo ya shirikisho, si bunduki. Wapo wanaochagua njia hiyo na kuwinda kuanzia Septemba.

Sijawahi kuwinda maishani. Naweza kwenda mwaka huu huu?

Unaweza. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua leseni ya kawaida. Mafunzo hayo yapo ya darasani na ya mtandaoni. Kama hukuwahi darasa, kuna leseni ya kuwinda chini ya mlezi: unakwenda na mtu mzima mwenye sifa, naye lazima akae karibu nawe kiasi cha kukugusa kwa mkono muda wote. Watoto pia huingia kwa njia hiyo.

Ushauri wangu ni kufanya yote mawili: nenda na mlezi mwaka wa kwanza, kisha darasa kiangazi kinachofuata. Darasa litakuingia vizuri zaidi ukiwa umeshaona theluji yenye damu.

Leseni ni bei gani na nainunua wapi?

Kwa mkazi wa Wisconsin leseni ya kulungu kwa bunduki ni dola 24, na anayenunua mara ya kwanza hulipa pungufu sana ya hapo. Ukazi huhesabiwa baada ya kuishi jimboni siku 30. Mgeni kutoka jimbo jingine hulipa mara kadhaa zaidi. Unanunua kwenye Go Wild, tovuti ya leseni ya DNR, au kwenye maduka yaliyosajiliwa.

Nikiwa na leseni napiga yeyote nitakayemwona?

La. Leseni huja na idhini ya dume mmoja, na dume kisheria ni yule mwenye angalau pembe moja ya inchi 3, yaani sentimita 7.6, au zaidi. Idhini za wasio na pembe hugawanywa kwa eneo na kwa aina ya ardhi: ya ardhi ya umma haifai kwenye shamba la mtu, na kinyume chake. Soma kilichoandikwa kwenye karatasi yako usiku wa Ijumaa, kwa utulivu, si alfajiri ukiwa na mnyama mbele yako.

Wawindaji wa bunduki wameruhusiwa kusaidiana: mmoja wa kundi anaweza kumpiga kulungu kwa idhini ya mwenzake, mradi wawe karibu kiasi cha kuonana au kusikiana bila simu wala redio.

Bunduki gani inatosha?

Raifo yoyote ya kawaida ya kulungu, kwa kipimo cha risasi: .243, .270, .308 au .30-06. Ile .22 ndogo ya kupigia sungura hairuhusiwi kwa kulungu. Ya kuazima inatosha kwa mwaka wa kwanza, lakini uipige shabaha wewe mwenyewe kwenye uwanja wa kulengea kabla ya wikendi, kwa risasi zilezile utakazobeba. Bunduki ya mwenyeji wako imerekebishwa kwa bega na jicho lake, na mita 100 huzidisha kila hitilafu ndogo.

Lazima nivae rangi ya chungwa?

Lazima. Angalau nusu ya vazi la nje kuanzia kiunoni kwenda juu liwe la chungwa inayong'aa au waridi inayong'aa, na kofia, ukiivaa, vivyo hivyo. Waridi iliruhusiwa Wisconsin mwaka 2016. Anayewinda kwa upinde siku hizo naye anavaa. Hata ukienda tu kutembeza mbwa pembezoni mwa msitu wiki hiyo, vaa.

## Baridi

Baridi yenyewe ni ya kiasi gani?

Kaskazini mwa jimbo mwishoni mwa Novemba mchana huzunguka nyuzi sifuri za Selsiasi, na alfajiri kufika −10 si ajabu. Upepo ndio unaobadilisha hesabu: kwenye −10, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi ihisi kama −20.

Lakini mtu anayekwambia "mimi nimezoea, nafanya kazi ghala la nyama iliyogandishwa" hajalielewa tatizo. Ghalani unasogea, unabeba, unapanda ngazi. Hapa utakaa kimya saa tatu au nne mfululizo, na mwili usiosogea hauzalishi joto. Waliozaliwa kwenye theluji nao hurudi kambini saa nne asubuhi wakitetemeka, kisha wanakosa kulungu aliyepita saa nne na nusu.

Nivae nini, kuanzia ngozi hadi nje?

Tabaka la kwanza, linalogusa ngozi, liwe la sufu nyembamba au la nyuzi za plastiki. Pamba iache nyumbani, pamoja na ile fulana unayoipenda. Pamba ikinywa jasho haikauki, na maji yale hukaa yakinyonya joto lako. Tabaka la kati ni sufu nzito au sweta ya manyoya bandia. La nje ni la kuzuia upepo, kisha chungwa juu yake.

Kosa kubwa la wageni ni kuvaa vyote hivyo tangu mlangoni. Ukitembea nusu saa gizani ukiwa umejifunga hivyo, unafika na mgongo uliolowa, na dakika ishirini baadaye jasho lile limekuwa barafu ya polepole. Tembea ukiwa mwepesi, hata ukihisi baridi kidogo, koti kubwa likiwa ndani ya begi. Ukifika, subiri pumzi itulie, futa shingo, badilisha soksi kama zimelowa, ndipo uvae.

Viatu viwe vikubwa kuliko ulivyozoea. Soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana hubana damu, na mguu usiopata damu huganda hata ndani ya kiatu cha dola 300. Keti juu ya mto wa sponji, na weka kitu chini ya nyayo, hata kipande cha boksi. Joto hutorokea ardhini zaidi ya unavyodhani.

Vile vipakiti vya joto vinasaidia?

Sana. Ndani yake mna unga wa chuma unaopata kutu haraka ukikutana na hewa, na kutu hiyo ndiyo joto. Kwa hiyo vifungue mapema na uvipe hewa kabla ya kuvitia mfukoni. Ndani ya kiatu kilichobana hewa ni haba na hufanya kazi nusunusu. Vya miguuni viko vya aina yake. Usivibandike kwenye ngozi tupu, vinaunguza.

Nitajuaje kwamba sasa ni hatari?

Kutetemeka ni mwili ukijitetea. Hatari ni pale mtu anapoanza kuongea kama mlevi, vidole vinaposhindwa kufunga zipu, anapojikwaa bila sababu, au kutetemeka kunapokoma na bado hajapata joto. Huyo usimwache peke yake, na asiendelee kubeba bunduki. Mwingize ndani, mvue vilivyolowa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri, na piga 911.

Vidole, masikio na pua vikiwa vyeupe au vya kijivu kama nta na havina hisia, usivisugue, na usivisugue kwa theluji hata kidogo. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo amini ganzi na ugumu wa ngozi kuliko rangi. Vipashe kwa maji ya vuguvugu, na ufanye hivyo tu kama havitaganda tena njiani.

Kidogo cha brandi si kitanipasha?

Kitakudanganya. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unahisi moto huku joto la ndani likikimbilia nje. Na haichanganywi na bunduki. Wisconsin inapenda brandi yake, na kambini usiku utapewa. Inywe baada ya bunduki kuwekwa na risasi kutolewa. Porini beba chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto.

Bunduki na simu vinaathirika na baridi?

Bunduki iliyotoka nje kwenye −10 ukiiingiza sebuleni hutoka jasho kila mahali, na kesho jasho hilo linaganda ndani ya mtambo. Iache ndani ya mfuko wake, bila risasi, mahali palipofungwa na penye baridi. Mafuta mengi nayo hunata, yafute libaki tabaka jembamba. Usipumue karibu na kioo cha darubini. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na kifua. Betri yenye baridi inaweza kuzima ghafla ingali nusu.

## Siku yenyewe

Nitawinda wapi kama sina shamba?

Ardhi ya umma ipo tele. Msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet peke yake, kaskazini, una hekta 600,000 hivi, na misitu ya kaunti zikijumlishwa inazidi hapo. Huombi mtu. Nenda wikendi moja kabla, mchana, uone njia za wanyama, kinyesi, na miti iliyokwanguliwa na pembe. Ukitembea kilomita moja na nusu kutoka barabarani utakuwa umewaacha nyuma wawindaji wengi.

Kwenye ardhi binafsi omba ruhusa, ikiwezekana ya maandishi. Kuna jambo hapa la kuzingatiwa kwa uzito. Usipande kamwe dungu, yaani jukwaa la mtini la kuvizia mnyama, ambalo si lako, hata likiwa tupu. Novemba 2004, katika kaunti ya Sawyer, mzozo ulioanzia kwenye dungu la ardhi ya mtu uliishia kwa wawindaji sita kuuawa. Ukiambiwa umeingia kwa watu, elekeza mdomo wa bunduki chini, omba radhi, ondoka. Ubishi utaumaliza baadaye kwa simu.

Siku inakwendaje?

Unaamka saa kumi usiku, unakunywa uji au chai, unatoka. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshaketi. Wakati huo jua la kaskazini huchomoza kama saa moja na robo, na ruhusa ya kupiga huanza nusu saa kabla yake. Jioni jua huzama saa kumi na dakika 20 hivi. Dakika kamili za kufunga zimo kwenye jedwali la DNR kwa eneo lako.

Kati ya hapo ni kukaa. Watu hawapendi kusikia hivyo. Kuna mwanga wa kijivu unaokuja taratibu, miti inajitenga mmoja mmoja na giza, kindi anakwaruza majani makavu na moyo unakuruka ukidhani ni kulungu. Kulungu mwenyewe hasikiki hivyo. Hupiga hatua mbili tatu, akasimama, akasikiliza, halafu moja tena. Adhuhuri wengine hurudi kambini kula. Ukiweza kuvumilia, baki: wanaotembea kwenda na kurudi ndio watakaokusogezea mnyama.

Kanuni za usalama ni zipi?

Darasani hufundishwa nne. Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi. Mdomo wake uelekee mahali salama kila wakati. Hakikisha unachokipiga na kilicho nyuma yake. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshaamua. Ya tatu ndiyo inayovunjwa na mtu mwema mwenye hamu: sauti kichakani, kitu cha kahawia kinasogea. Kama hujaona kichwa, bega na uwanda ulio nyuma, hujaona kitu. Darubini ya bunduki si ya kuangalizia watu. Beba ya mkono.

Ndani ya gari raifo isiwe na risasi. Na kwenye ardhi ya mwingine usipige ndani ya yadi 100, kama mita 91, kutoka nyumba ya watu bila idhini ya wenyewe.

Dungu la mtini ni salama?

Kuanguka kutoka kwenye madungu huumiza wawindaji wengi, na hasa asubuhi yenye barafu kwenye vidato. Vaa mikanda ya mwili mzima na uifunge mtini tangu ukiwa chini, viungo vitatu vikigusa ngazi muda wote. Bunduki isiyo na risasi ivutwe kwa kamba baada ya wewe kukaa. Kama unaogopa urefu, keti chini umeegemea shina nene. Kulungu wengi wamepigwa hivyo.

Nipige wapi, na nikishapiga nifanye nini?

Subiri asimame ubavu, na lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua: hapo pana mapafu na moyo. Usipige kichwa, usipige anayekimbia, usipige anayekupa mgongo.

Akikimbia baada ya mlio, usimfuate. Kariri mti aliosimama na mti aliopotelea, tazama saa, kaa nusu saa. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu, hayuko mbali. Damu yenye maji ya kijani na harufu ya tumbo ina maana umempiga utumboni: rudi kambini, mngoje saa nyingi, maana ukimwinua sasa atakwenda kilomita kadhaa. Theluji ni rafiki mkubwa hapa. Mkaribie kwa nyuma na umguse jicho kwa fimbo ndefu, asipopepesa, amekufa.

## Nyama

Mnyama ameanguka. Kazi gani inafuata?

Hapa ndipo pa kujifunga kibwebwe. Mlaze chali, pasua ngozi kutoka kifuani hadi kinenani, makali ya kisu yakitazama juu ili usitoboe tumbo, zungusha kisu kwenye njia ya haja, kata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kata koromeo, kisha vuta vyote vitoke kwa pamoja. Maini na moyo tia kwenye mfuko. Acha kifua wazi kwa kijiti ili joto litoke. Aliyezoea kuchinja mbuzi wa Idi au wa Krismasi atajikuta mwenyeji kuliko wenyeji.

Mvute kwa sledi ya plastiki, ile ya kuteleza juu ya theluji. Mgongo wako utakushukuru. Hewa ikiwa kati ya sifuri na nyuzi 4 anaweza kuning'inia siku kadhaa. Ikiwa na joto kuliko hapo, mchune upesi. Baridi ikizidi, mchune kabla hajawa gogo.

Kusajili ni lini?

Kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata baada ya kumpata, kupitia GameReg, mfumo wa usajili wa DNR, kwa mtandao au simu. Ni dakika chache.

Nyama hii ni halali kwa Mwislamu?

Wanazuoni wengi wa sasa huikubali mawindo ya risasi kwa kuwa risasi hutoboa. Sema bismillah unapofyatua, si unapomfikia. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, huihesabu bismillah hiyo kuwa sunna. Wengine huifanya sharti. Ukimkuta angali na uhai, mchinje. Ukimkuta amekwisha kufa kwa risasi yako, hiyo ni mawindo. Aliyekufa kwa gari au aliyekutwa tu ni jambo jingine. Mwenye shaka amwulize shekhe wake kabla ya Jumamosi.

Wasabato nao huuliza: kulungu hucheua na ana kwato zilizopasuka, naye ametajwa miongoni mwa wanaoliwa katika Kumbukumbu la Torati 14.

Ugonjwa wa CWD ni nini, na nile au nisile?

Ni ugonjwa wa kulungu unaosababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya, inayoharibu ubongo polepole. Wisconsin uligunduliwa mwaka 2002 karibu na Mount Horeb na umeenea tangu hapo. Kulungu mwenye ugonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri usile nyama ya mnyama aliyepatikana nao. Kupika hakuuondoi.

DNR hupima bure. Unapeleka kichwa kituoni, matokeo huja baada ya wiki mbili hivi. Gandisha nyama ukingoje. Ukipeleka bucha, sisitiza mnyama wako asichanganywe na wa wengine, maana soseji ya kuchanganya haina majibu ya maabara.

Vipande vya risasi ndani ya nyama vina madhara?

Risasi za madini ya risasi hupasuka na kusambaza chembe usizoziona mbali na tundu. Kata na utupe sehemu pana kuzunguka jeraha. Nyumba yenye watoto wadogo au mjamzito, nunua za shaba.

Nitapata kilo ngapi, na zinapikwaje?

Mnyama wa kilo 60 baada ya kutolewa matumbo hutoa kama kilo 25 za nyama bila mfupa. Mafuta yake yaondoe yote: huganda mdomoni kama mshumaa na ndiyo yenye ile harufu watu wanayoilalamikia. Sarara ikate vipande, chuma cha moto, dakika chache, basi. Ukiipika kama ng'ombe mzee itakuwa soli. Bega na shingo ndizo za pilau na mchuzi wa nazi, moto mdogo saa tatu. Ya kusaga ifike nyuzi 71.

## Maswali ya pembeni

Nimeona kulungu mweupe pepe. Nimpige?

Usimpige. Kulungu weupe wamelindwa Wisconsin.

Wangu amevuka ua akaanguka kwa jirani.

Huingii bila ruhusa ya mwenye ardhi, hata kama unamwona amelala. Bisha hodi bila bunduki mkononi. Wengi hukubali, na wengine huja kukusaidia kumvuta.

Nimemgonga kwa gari njiani. Ni wangu?

Anaweza kuwa, lakini uripoti DNR kabla ya kumhamisha. Kuhusu uhalali kidini, tazama swali la Mwislamu hapo juu.

Mimi mweusi, nitakuwa salama vijijini huko?

Wengi hukutana na salamu, kahawa na udadisi. Wapo pia wakazi wa kutazama kwa jicho la pembeni. Wahmong kutoka Laos, waliofika baada ya 1975, wamewinda misitu hii miongo kadhaa, kwa hiyo wewe si mgeni wa kwanza. Mwaka wa kwanza nenda na mwenyeji, leseni na kitambulisho viwe mfukoni, mwachie mtu ramani ya utakapokaa na saa ya kurudi. Askari wa wanyamapori akikujia, toa risasi pale anapokuelekeza na jibu maswali. Ni ukaguzi wa kawaida.

Naishi Minneapolis. Navuka na mnyama mzima?

Hapana, Minnesota inakataza mizoga mizima kutoka nje, kwa sababu ya CWD. Vuka na nyama iliyotolewa mifupa.

Nimepata wawili na friza imejaa. Niuze mmoja?

Kuuza nyama ya kulungu wa porini ni kosa. Kugawia majirani ni ruksa, na tangu mwaka 2000 jimbo lina mpango wa kupokea kulungu kwenye mabucha fulani ili nyama iende kwa wasio na chakula, bila wewe kulipa ukataji.

Naweza kumpelekea mama kidogo, iliyokaushwa, nikienda kwetu Desemba?

Usijaribu. Nyama bila cheti cha daktari wa mifugo hunyang'anywa uwanja wa ndege, na unaweza kutozwa faini juu yake. Mpelekee picha, na ile pembe uliyoipata imedondoka usiibebe bila kuuliza forodha za pande zote mbili.